Kocha Alinihesabu Watu Wawili

Nilishinda mchujo. Ninaliandika hilo kwanza kwa sababu wengi chuoni wanasema timu ilipokwenda mashindanoni niliachwa hapa Mbeya kwa kuwa nilikuwa mzito baada ya kujifungua. Uongo. Mita mia nane nilimwacha rafiki yangu hatua kumi nyuma, jezi imelowa maziwa kifuani, wenzangu wanapiga kelele pembeni: "Mama, chai inamwagika!" Mwanangu wa miezi saba alikuwa mgongoni kwa mpishi wa chuo, analia.

Chuo chetu cha ualimu ni kidogo, na timu ya riadha ni ndogo zaidi. Kocha ni mwalimu wa baiolojia, anatukimbiza baada ya vipindi, halipwi, hata filimbi kanunua mwenyewe. Yakifika mashindano ya vyuo kule Iringa, uongozi hutoa nauli na chakula kwa vichwa. Mwaka ule vilikuwa vinane, basi.

Rafiki yangu ndiye katibu wa timu. Yeye ndiye anayegawa fomu na kuzikusanya. Siku ya kujaza, kabla ya mchujo, sehemu ya mahitaji maalumu niliiacha wazi. Akanisukuma bega.

"Andika una mtoto ananyonya, dada. Chuo kitakusaidia."

Nikaandika. Tena kwa mwandiko mzuri.

Jumatatu orodha ikabandikwa. Mita mia nane, wanawake: jina lake.

Nilimkuta kocha anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, nani alishinda?"

"Wewe."

"Sasa?"

"Wewe ni watu wawili, mama. Watatu, ukija na wa kumshika mtoto. Nikikupeleka, namwacha mrusha mkuki."

"Mtoto nitampakata. Na Iringa nina mama mdogo, atampokea stendi."

"Fomu imeshafika kwa mkuu wa chuo. Na umeandika mwenyewe."

Waliondoka Ijumaa. Siku mbili zile niliishi ndani ya simu. Rafiki yangu yuko stendi, yeye anakula wali, yeye kavaa suti mpya ya michezo, anacheka meno yote nje. Kila picha niliikuza nikitafuta kitu cha kuchukia, na sikukosa. Niliomba ajikwae. Kweli kabisa, niliomba huku namnyonyesha mtoto. Akawa wa tatu. Kundi la timu likajaa makofi. Mimi nikaweka dole gumba moja.

Jumapili jioni alikuja chumbani kwangu na medali shingoni. Sikumkaribisha kukaa.

"Ulijua wataniacha?"

Akamwangalia mtoto badala yangu. "Ulipoandika, hapana. Uliposhinda, ndiyo. Kocha aliniuliza kama nikupe fomu nyingine ujaze upya, au zipelekwe zilivyo. Nikamwambia zipelekwe."

"Kwa nini?"

"Iringa nilikuwa sijafika, dada. Na ungeenda wewe, ningekuonea wivu kama unavyonionea sasa."

Nilitaka kumpiga kibao, ila mikono yote ilikuwa imemshika mtoto. Nikamuuliza alikimbia kwa muda gani. Akanitajia. Ulikuwa mbaya kuliko wangu wa mchujo, niliokimbia kwenye vumbi letu, kifua kimejaa, mtoto analia.

"Basi hiyo medali ni yangu," nikamwambia.

"Najua," akasema, na hakuivua.