Gauni la Maji ya Mabibo

Dada yangu aliolewa kwetu Matambarale miaka ya tisini, katikati ya msimu wa korosho. Gauni lake jeupe tulilishonesha Nachingwea, tena kwa mbinde. Siku moja kabla ya harusi akalivaa kulijaribu. Mama akamwonya asitoke nalo nje. Akatoka. Akaona bibo jekundu, tunda la mkorosho, limeiva, akashindwa kujizuia, akaling'ata. Maji yakamchuruzika mpaka kifuani.

Kwetu hata mtoto anajua doa la bibo halitoki. Tulilifua, tukalisugua kwa limau, likazidi kukolea. Dada alilia macho yakavimba. Hakuwa na gauni jingine, na wakwe walikuwa wanakuja kesho yake kutoka Chunyu. Mimi nilimkasirikia sana. Nilimwita mlafi mbele ya watu, bi harusi mzima!

Shangazi yetu, ambaye hakuna jambo lililomnyima kicheko, akalichukua gauni.

"Likibaki doa hili moja watakucheka, mwanangu," alisema. "Tuyajaze gauni zima, ili wadhani tumekusudia."

Akakamua mabibo kwenye bakuli, akakata kipande cha mwanzi, akawa anachovya na kugonga vijiduara kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Vikiwa vibichi havikuonekana vizuri, ikabidi tusubiri jua lifanye kazi yake. Mama hakutaka hata kutazama. Gauni lilipokauka, vijiduara vya kahawia vilikuwa vimelienea lote, na hasira yangu ikaisha palepale. Lilipendeza, nisiseme uongo. Kesho yake wakwe waliuliza kitambaa kile kinauzwa duka gani.

Miaka ya elfu mbili nilikuwa nachapa kadi kwenye steshenari moja pale Nachingwea. Siku moja dada akaja na lile gauni. Alikuwa ameanza kugonga vitambaa kwa maji ya mabibo na kuviuza sokoni, na vilikuwa vinapendwa. Alitaka lebo yenye nakshi ileile. Nikaliskani, nikapanga vijiduara kwenye kompyuta, na lile doa la kifuani nikalifuta kwa kubofya tu. Sabuni ya mama ilishindwa, mimi nikaweza! Nikamgeuzia kioo cha kompyuta kwa majivuno.

Akagusa kwa kidole pale kifuani.

"Doa langu liko wapi?"

"Nimelitoa, dada. Lilikuwa linaharibu mpangilio."

"Lirudishe," alisema. "Vijiduara ni vya marehemu shangazi. Doa ndilo langu."