Tuliuziwa Bahari Isiyogusika

Watu wakisikia kwamba nimewahi kupanda meli ya starehe, huniuliza kama chakula kilikuwa kizuri. Chakula kilikuwa kingi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na nitayafikia. Kwanza niseme jambo ambalo hakuna kijitabu cha matangazo kitakachokuambia: ukiwa ndani ya meli ile, kitu kilicho mbali nawe kuliko vyote ni bahari.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka. Mumewe, aliyekuwa na spaza, yaani kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, alifariki kwa maradhi ya moyo, na dada akakaa eda katika chumba chake hapa Bertrams, mtaa wa Johannesburg, kelele za mpira kutoka uwanjani zikimfikia kila kulipokuwa na mechi. Kwetu Tanga, mwanamke akimaliza eda, wanawake wenzake humpeleka pwani, humwogesha baharini, humvisha nguo mpya na kumfukiza udi, kisha yeye hurudi kwa watu. Wapo mashehe wanaosema hiyo si dini, ni mila tu. Dada alisema iwe mila, iwe nini, mama alifanyiwa na bibi alifanyiwa.

Johannesburg haina bahari. Wanawake wa mtaani walimwogesha kwenye beseni, wakatia chumvi ya mawe ndani ya maji ili yafanane. Alivaa kanga mpya, akafukizwa, akapigiwa vigelegele. Lakini hakutoka. Hakwenda harusini, hakwenda dukani, hata kwa jirani wa ukuta mmoja hakwenda. Ukimuuliza, alikujibu neno moja: "Sijamaliza." Niliona amekonda, na niliogopa kwamba hatamaliza kamwe.

Wale wanawake ndio waliochanga na kwenda kwa wakala wa safari, ofisi yake iko ghorofani Braamfontein. Ni Mswahili mwenzetu, mtu wa pwani, kanzu siku ya Ijumaa na miwani ya jua siku nyingine zote. Nilikuwepo. Walimweleza habari yote. Alitikisa kichwa kwa huzuni, hata akamwombea marehemu dua. Kisha akafungua simu na kutuonyesha picha za kisiwa kimoja cha Msumbiji.

"Durban ufukwe umejaa walevi, mama zangu," alisema. "Mtamwogesha vipi mjane mbele ya watu wale? Hapa kisiwani hakuna mtu. Mchanga mweupe, maji kama kioo."

"Ataoga?" aliuliza jirani yetu Mrundi, ambaye ni Mkristo lakini ndiye aliyeshika beseni siku ile.

"Ataoga mpaka achoke."

"Baharini?"

"Mama, hii ni meli. Itakuwa wapi, angani?"

Tukacheka sote. Hadi leo kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba tulicheka.

Mimi nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu mbili. Ni ndugu yake wa tumbo moja, na sina kazi ya kuomba ruhusa. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimepakia mizigo sokoni, nimeziba pancha, nimeuza chaja kwenye robot, yaani taa za barabarani, huku taa nyekundu ikiwa ndiyo mwajiri wangu. Ninapenda kujua jinsi vitu vinavyofanya kazi. Nilikubali haraka, nikitaka kuiona injini.

Sasa kama na wewe unafikiria kwenda, nisikilize. Meli hiyo ikiondoka Durban kwenda Msumbiji, umetoka Afrika Kusini, hata kama utalala humo humo na kurudi. Wakala hatakuambia. Angalia viza yako inakuruhusu kuingia tena, na kama unaishi kwa karatasi ya ukimbizi, usithubutu. Jirani yetu Mrundi alitaka sana kuja, na wakala alikuwa tayari kumuuzia tiketi bila hata kumuuliza ana karatasi gani. Mimi ndiye niliyemzuia. Angekwenda kuoga na akakosa pa kurudi.

Jambo la pili ni mzigo. Dada alifungasha kama mtu wa kwetu anayesafiri kwa meli: mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga, chupa ya tangawizi, chetezo, makaa, udi. Kwetu abiria asiye na masurufu ni mtu aliyefukuzwa nyumbani. Pale bandarini kijana wa usalama alivaa glavu, akatoa mikate yetu mmoja mmoja na kuitupa kwenye pipa. Chetezo alikishika kwa vidole viwili kana kwamba kitalipuka.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kumfukizia mjane," nikasema.

"Moto hauruhusiwi," akasema. Kikaenda.

Dada alichukua kanga yake mpya, aliyoikunja ndani ya nailoni, akaiweka kifuani chini ya baibui, ili wasije wakaiona na hiyo ni hatari.

Meli yenyewe nilikuwa nimeiota kama chombo. Nilikuta jengo. Ina lifti, mazulia, duka la saa, ukumbi wa kamari, na muziki ambao hauzimwi hata chooni. Chumba tulichouziwa kiko ndani kabisa, hakina dirisha. Ukizima taa ni kama umefungiwa kabatini. Kama huna uwezo wa dirisha, omba angalau chumba cha katikati na cha chini, huko meli haitikisiki sana. Tafuna tangawizi kabla hujajisikia vibaya, maana ukishaanza kutapika, umechelewa. Maji ya bure yapo kwenye mashine ya ukumbi wa kulia. Ukikubali chupa unayoletewa na mtu anayetabasamu, imeshaandikwa kwenye kadi yako ya malipo ya melini.

Na chakula, nilichosema nitakifikia. Milima ya chakula, na koleo moja linaloshika soseji za nguruwe na kuku kwa zamu. Wakala alikuwa amesema halali ipo. Mhudumu mmoja, Mwindonesia, alimwona dada amekaa na sahani tupu, akamsogelea. "Assalamu alaikum, mama," akamnong'oneza, kisha akamletea mayai ya kuchemsha, viazi na ndizi. Siku zote alimletea hivyo hivyo. Ndiye pia aliyetuonyesha kibla, na akatuambia tusishangae meli ikigeuka katikati ya sala.

Asubuhi ya kwanza tulipanda hadi sitaha ya juu. Bahari ilikuwa pande zote, kadiri macho yanavyofika. Dada aliinama kwenye ukingo wa chuma akaangalia chini, mbali, kama unavyotazama barabara kutoka ghorofa za Braamfontein.

"Tunashukia wapi?" akaniuliza.

"Kisiwani, kesho. Kuna boti ndogo."

"Na hapa haigusiki?"

"Hapa haigusiki, dada."

Karibu yetu palikuwa na bwawa la kuogelea, maji ya buluu yananuka dawa. Kina mama wapatao kumi wa Soweto walikuwa ndani, wote wamevaa fulana za waridi zilizoandikwa jina la stokvel yao, ambayo ni kama upatu wetu: wanachanga pesa mwaka mzima, kisha wanazila pamoja. Mmoja, mnene, kofia nyekundu kichwani, aliinua bilauri iliyochomekwa kimwavuli cha karatasi.

"Heyi, mama wa nguo nyeusi! Ingia! Utaiva kwa joto!"

Alisema kwa Kizulu, nikamtafsiria dada. Dada alijifunika zaidi. "Astaghfirullah," akasema. "Watu wazima."

Siku ya kisiwa tuliamka mapema. Dada alikuwa ameshajitayarisha, kanga kifuani. Nilikiona kile kisiwa, wallahi nilikiona, mchanga mweupe kama kwenye picha. Kisha spika ikatangaza kwamba mawimbi ni makubwa, boti hazitashushwa, nahodha anasikitika, na mchezo wa bingo utaanza ukumbi wa pili.

Bahari ina mawimbi, sigombani nayo. Nilishuka kaunta nikauliza: hutokea mara nyingi? Binti wa pale alijibu bila hata kuona haya: mara nyingi tu, upande huu, upepo ukibadilika. Je, mawakala wanajua? Wanajua, imeandikwa kwenye masharti. Je, pesa inarudi? Hairudi, kwa sababu meli imefanya safari yake. Eish! Yaani safari ni kuzunguka maji na kurudi ulikotoka, na kule kushuka tulikoonyeshwa kwenye picha ni pambo tu. Kwetu abiria analipa ili ashushwe. Hawa wanakutoza ili wasikushushe, halafu wanakuuliza kama unataka karata za bingo.

Kwa hiyo shika hili kuliko yote niliyokuambia. Usimuulize wakala meli inakwenda wapi. Muulize inashusha wapi, na isiposhusha je. Mkazie macho anapojibu.

Nilimpigia wakala tulipokaribia Durban, simu ilipopata mtandao.

"Nilisema ataoga," akanijibu. "Kwani bwawa halikuwepo?"

Mtu wa pwani yule. Mama yake mzazi angekuwa hai angemzaba kofi.

Bandarini basi la kuturudisha Johannesburg lilikuwa limewasha injini, na wale kina mama wa fulana za waridi wameshajaa ndani wakiimba. Dada alisimama mlangoni, mkono mmoja kifuani.

"Sipandi," akasema.

"Dada, basi litatuacha."

"Lituache. Nitarudije vile vile nilivyokuja?"

Dereva akapiga honi. Nikamweleza, Kizulu changu cha kwenye robot kikinikwama: mume wake amefariki, lazima aoge baharini, ufukwe si mbali. Dereva akasema yeye ana ratiba. Nikaanza kumfokea, na nilikuwa nimebeba hasira ya siku zote zile, nikamwita kila jina. Hapo yule mama wa kofia nyekundu akatoa kichwa dirishani.

"Kijana, acha kelele. Huyu ni mjane?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana ya nguo nyeusi?"

Baibui si nguo ya msiba, dada huvaa hata akienda kununua nyanya, lakini sikuona haja ya kumsahihisha. Yule mama akashuka, akamtazama dada kwa muda. "Mimi yangu ya msiba niliivua mwaka juzi," akasema. "Walinipeleka mtoni." Kisha akaligeukia basi. "Shukeni! Na wewe dereva, utatupeleka ufukweni, au tip yako utaiona kwenye ndoto."

Dereva alitupeleka.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata bila mawimbi kingenishinda: mwanamume hamwogeshi mjane, hata akiwa ndugu yake. Kule kisiwani ningefanyaje? Sijui. Wakala alituuzia tiketi mbili, ya mjane na ya mwanamume, akaomba na dua. Pale Durban, mbele ya wachuuzi na watoto wenye mbao za kuteleza, kina mama wa stokvel walimzunguka dada kwa duara, wakatanua mataulo makubwa meupe yenye nembo ya meli. Sikuwauliza yametoka wapi. Nilipewa viatu vyote nivilinde, nikageuka nikatazama barabara.

Nilisikia wimbi, kisha nikasikia dada akipiga kelele ya baridi, kelele ya msichana mdogo. Wakacheka. Mmoja akaanza wimbo wa kanisani, na katikati ya wimbo ule nikasikia sauti ya dada ikisoma Fatiha. Hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Alirudi amevaa kanga mpya, nywele zinadondosha maji chini ya mtandio, mchanga hadi magotini. Dereva alinung'unika kuhusu kiti. Mama wa kofia nyekundu akatandika taulo la meli juu ya kiti, akamkalisha dada juu yake, na yeye akakaa pembeni. Hawakuwa na lugha moja. Kabla basi halijaanza kupanda milima walikuwa wameshagawana pakiti ya biskuti.

"Nipe simu," dada akaniambia. "Mpigie yule kijana wa Braamfontein."

Nilimpigia. Akaiweka sikioni, akangoja amalize salamu zake ndefu.

"Nimeoga," akamwambia. "Kesho ninatoka. Nitaanzia ofisini kwako."