Mkwe Wangu Alifungwa kwa Maji ya Moto Niliyomwaga Mimi

Nyie mliokwenda mjini mkasahau njia ya kurudi, leo nawasema. Mnapiga simu Idi mpaka Idi, "Shikamoo bibi, hujambo bibi," simu inakatika, mmeridhika. Na yupo mmoja namsema zaidi, binti yangu wa kumzaa, naambiwa kila siku yumo kwenye ukurasa huu. Miaka yote hii hujakanyaga kwangu, kwani nyumba yangu ina ukoma? Soma basi, usiruke hata mstari.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa anaijua hesabu yake kashakufa. Sikukaa hata darasa moja. Haya nayasema kwenye simu na mwenye ukurasa anayaandika, na majina tumebadilisha. Naishi upande wa Nanganga, Ruangwa. Nalima ufuta, na siku za gulio nilikuwa nakaanga mihogo nauza.

Mwaka ule wa korona ikatoka amri gulio letu lifungwe. Wanunuzi wa ufuta nao wakaacha kuja, magunia yakakaa ndani tunalala nayo kama wageni. Tukaambiwa kila mlango uwe na ndoo ya maji tiririka. Maji yenyewe nayafuata bondeni na goti langu hili bovu! Waliofunga gulio, mishahara yao haikufungwa. Hilo hata mngeweka jina langu ningelisema.

Mwanangu wa kwanza, Saidi, ufuta wake ulipokosa mnunuzi akaingia mgambo apate posho. Siku ya kwanza alipita mlangoni na fimbo. Nikamuuliza, "Hicho kijiti cha kumpigia nani, nyoka?" Akacheka, "Mama, kaa ndani, usinitie aibu."

Binti yangu, mdogo wake Saidi, alikuwa anakohoa, kifua kimembana. Redio inasema watu tujifukize. Nikachemsha mwarobaini na majani ya mpera, nikamkalisha uani na chungu chake, nikamfunika blanketi. Chungu cha pili kikawa kinatokota jikoni, palepale uani, maana majirani wanne walikuwa wanasubiri zamu. Mume wake, Bakari, alikuwa pembeni anapasua kuni, mbali na mimi kama mkwe anavyotakiwa. Tangu amuoe mwanangu hakuwahi kunigusa hata kidole.

Mgambo watatu, Saidi mmoja wao, wakaruka ua. "Mkusanyiko! Tawanyikeni!" Jirani yangu alipigwa fimbo ya mdomo, jino likaanguka mchangani. Mwingine alivutwa khanga mpaka ikachanika, akabaki anajiziba kwa mikono. Redio inasema tujifukize, mgambo wanatuchapa kwa kujifukiza! Saidi akaliendea lile blanketi. "Toka humo!" Akachapa. Nikapiga kelele, "Saidi, huyo dada yako!" Hakusikia, au alisikia, Mungu ndiye anajua. Akachapa ya pili, akachapa ya tatu, na mle ndani binti yangu analia kama mbuzi yuko chini ya kisu.

Nikashika chungu cha pili kwa matambara, nikamwagia Saidi. Nililenga mgongo. Akageuka, maji yakamfika usoni kabla hajaniona.

Ngozi ya shavu la mwanangu ilitoka kama ganda la muhogo uliochemka. Jicho la kushoto lilikufa palepale.

Bakari akaja mbio, akaninyang'anya chungu kwa mikono mitupu. Ndiyo mara ya kwanza mkwe wangu kunigusa. Akaninong'oneza, "Mama, nyamaza. Wewe ukiingia ndani hutoki hai." Wale mgambo wawili, waliokuwa wanawakimbiza majirani, walipogeuka, chungu kiko kwake. Walimpiga fimbo, wakampiga mateke, wakampiga hata na kuni zake mwenyewe, mpaka tukasikia mfupa wa mguu ukivunjika. Binti yangu alipotoka kwenye blanketi aliona mambo mawili tu: kaka yake anagaagaa mchangani, na mume wake na chungu.

Polisi wakauliza, "Nani kamwagia?"

"Mimi," akasema Bakari.

Na mimi, mama mtu, nikatazama chini.

Akafungwa. Binti yangu akaniambia, "Mama, siwezi kulala na mtu aliyemuunguza kaka yangu." Nikamfungia mihogo ya njiani, akaenda zake Dar. Gulio likafunguliwa, watu wakanunua ndala kama kawaida. Hakuna mkubwa aliyekuja kuuliza jino la jirani yangu liko wapi.

Bakari alipotoka hakurudi kwetu. Yuko Kilimarondo, Nachingwea, anachechemea, anafukuza tembo shambani kwa kupiga madebe. Saidi anakula kwangu kila siku, "Mama, mboga leo haina chumvi," huku amenigeuzia lile jicho zima. Akitajiwa Bakari anatema mate.

Sasa binti yangu kapata mwanamume Dar, anataka talaka. Kamtumia kaka yake ujumbe aifuate kwa Bakari. Tangu juzi Saidi ananoa panga. Namuuliza la nini, anasema la kusafishia njia. Kilimarondo kuna barabara!

Nikimwambia Saidi, atajua jicho lake lilitolewa na mama yake. Nikinyamaza, Bakari atakatwa kwa kosa langu. Nyie mnaosoma, ingekuwa nyie mngeanzia wapi? Nipeni akili zenu, wala msinionee haya, nitukaneni pia kama mnaona inafaa.

Na wewe binti yangu, funga mzigo leo. Gari likifika Nanganga usishuke. Nenda mpaka Masasi, panda la Nachingwea, ufike Kilimarondo kabla ya kaka yako. Mwambie Bakari akunjue viganja uvione vilivyoungua. Ukishaviona, ndipo uje kwangu uitazame mikono yangu mimi. Haina hata kovu.