Farasi aliyeogopa buti, na siku Kapteni alipovua mkanda wa bastola: Kampala, miaka ya sabini

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mama mtu mzima, humu ndani kwa kawaida ni msomaji tu. Ila juzi mdau mmoja aliandika kwamba mnyama akishaharibika kwa woga hatengenezeki tena. Nikasema hapana, hili nimeliona kwa macho yangu. Nitawaeleza kama lilivyotokea, na pale nisipojua nitasema sijui.

Ni Kampala, miaka ya sabini, enzi za utawala wa wanajeshi. Wahindi, wenye maduka ya jumla, walishafukuzwa. Mimi nilikuwa nauza vitambaa sokoni Nakivubo; vitambaa vikaisha, na biashara ikaishia hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, Mnubi, naishi kwa dada yangu Halima kwenye kota za polisi Nsambya. Dada alikuwa anafanya usafi hospitali ya Mulago. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa polisi wa kawaida tu.

Shemeji ndiye aliyenitafutia kazi. Kuna kiwanja nje kidogo ya mji, Wazungu walikuwa wanafuga farasi pale kabla hawajaondoka. Kapteni mmoja wa jeshi akakichukua. Farasi alibaki mmoja tu, jike wa rangi ya kijivu. Mtunzaji wake alipigwa teke la mbavu, akakimbilia kwao Kenya. Hakuna mwanaume aliyeitaka ile kazi.

Nikaichukua mimi. Nilichojua kuhusu wanyama ni mbuzi wawili wa mama yangu, basi.

Siku ya kwanza nilimkuta amejibana kwenye kona ya uzio, ngozi inacheza mwili mzima. Shingoni ana kovu la kamba, mgongoni ana alama za fimbo zilizopona vibaya. Usoni ana baka jeupe kama shela. Jina lake walilijua wenyewe walioondoka, mimi nikamwita Biharusi.

Kabla jua halijapanda, Kapteni akaja na gari lake la jeshi. Sitamtaja jina. Mtu mrefu, miwani myeusi, kifimbo mkononi, anatembea na askari wawili. Biharusi aliposikia zile buti kwenye kokoto alirudi nyuma mpaka akavunja ubao wa uzio.

Kapteni akaniangalia.

"Wewe ndiyo ile shemeji ya polisi?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi nataka panda hii farasi mbele ya wageni yangu. Nakupa miezi mbili. Kama hapana, mimi napiga yeye risasi. Na ile polisi aliyeleta wewe atanieleza kwa nini alileta mtu ya bure."

Wakuu, mliokuwepo enzi zile mnajua "atanieleza" maana yake nini. Watu walikuwa wanaitwa kwenda kueleza, na viatu vyao tu ndivyo vinaonekana tena.

Nilipomwambia dada, aliacha kumenya ndizi.

"Rudi umwambie huwezi."

"Nikisema siwezi, shemeji ndiye ataulizwa."

 Akaendelea kumenya, lakini nilimwona anamenya ndizi ileile aliyokwisha kuimenya.

Sasa training yenyewe. Msidhani nilikuwa na ujuzi. Wiki ya kwanza sikufanya chochote kwa sababu sikujua cha kufanya. Nilikuwa naingia kiwanjani na ungo wa karanga, nakaa chini katikati, nampa mgongo, nabangua. Asubuhi mpaka adhuhuri.

Siku ya sita au ya saba nikasikia pumzi ya moto kwenye kisogo. Alikuwa ananusa kitambaa changu cha kichwa. Sikugeuka. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikujua nalia nini. Mnyama mkubwa vile, angeweza kunikanyaga nikaisha, amekuja mwenyewe kuniuliza mimi ni nani.

Kuanzia hapo nikaelewa utaratibu wake. Nikimkaribia, nasimama kabla hajakimbia. Akishusha kichwa na kutafunatafuna mdomo, narudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua ya kurudi ndiyo ilikuwa mshahara wake. Alitaka kujua tu kwamba akisema basi, kuna mtu anasikia.

Nikamgusa bega. Siku nyingine shingo. Kamba niliiacha chini siku nne aizoee, aikanyage, aiguse kwa pua. Kisha nikaipitisha mgongoni na kuiondoa, naipitisha na kuiondoa. Baadaye gunia. Baadaye kopo lenye kokoto nalitikisa kwa mbali, kila siku naongeza hatua moja karibu.

Kuna siku niliharibu. Ilikuwa imebaki kama mwezi, nikasikia Kapteni anapita kukagua, nikaingiwa na haraka. Nikamfunga farasi kamba shingoni nimwonyeshe Kapteni kuna maendeleo. Biharusi akalipuka. Aliniburuza kiwanja kizima, mkono ukateguka, ngozi ya kiwiko ikabaki kwenye kokoto.

Kapteni aliona yote. Akahesabu tu kwa vidole wiki zilizobaki, akaondoka.

Dada alinifunga mkono kwa bandeji, analia kimyakimya. Akaniambia, "Mdogo wangu, yule farasi hakukosea. Wewe ndiye uliyeogopa, akaona." Iliniuma kuliko mkono.

Nikarudi kwenye ungo wa karanga. Mwanzo kabisa. Safari hii alikuja siku ya pili.

Wiki zilizofuata niliazima buti za zamani za shemeji. Nikazitembeza kwanza nje ya uzio, halafu ndani. Zilikuwa zinanipwaya, nagonga chini kama askari mlevi. Alitetemeka, alikimbia, akarudi, akatetemeka kidogo tu, mwisho akaja kuzinusa zikiwa miguuni kwangu. Siku hiyo nilitembea naye kiwanja kizima, kamba imelegea, bila kumvuta. Nikisimama, anasimama. Sijawahi kuhisi kitu kama kile, wakuu, unafikiria tu farasi ageuke, unakuta ameshageuka.

Siku ya siku ikafika. Kapteni akaja na askari wake wawili, fimbo mkononi, kila kitu vilevile.

Biharusi akanyanyua kichwa. Nikaona ngozi inaanza kucheza. Nikajua huyu mtu akiingia hivi, yote yamekwisha.

Sijui nilipata wapi sauti.

"Afande, farasi yuko tayari. Wewe ndiyo bado."

Askari mmoja akatazama chini. Kapteni akasogea karibu.

"Unasema nini?"

"Fimbo iache nje. Miwani pia, anataka kuona macho. Na huo mkanda una vyuma, unalia. Hawa vijana wako wasimame mbali. Wewe uingie peke yako, umpe mgongo, usimame."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atake yeye."

 Nilikuwa namfikiria shemeji. Halafu Kapteni akavua miwani, akaiweka kwenye nguzo ya uzio. Akaegemeza fimbo. Akafungua mkanda wenye bastola, akautundika juu ya ubao, mbele ya askari wake. Akaingia.

Alisimama katikati ya kiwanja, jua linawaka. Dakika kumi. Ishirini. Jasho limelowesha shati lote la mgongoni. Nilidhani atageuka atukane. Hakugeuka.

Biharusi alikwenda, akasimama, akarudi. Akazunguka kwa mbali. Akaja tena, hatua moja, hatua moja, shingo ameinyoosha, mpaka pua ikafika chini ya sikio la yule mtu.

Kapteni akafumba macho. Mikono aliiachia wazi pembeni, ile mikono ambayo mji mzima uliiogopa.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naweza geuka?"

"Pole pole, afande."

Akageuka. Akamgusa bega, pale nilipoanzia mimi. Wakakaa hivyo.

Siku ile hakumpanda. Wageni hawakuitwa. Alianza kuja kila Jumamosi, anaacha vitu vyake kwenye uzio bila kuambiwa, anatembea naye na kamba. Alikuja kumpanda baada ya miezi kadhaa, mwendo wa taratibu, hakuna aliyetazama isipokuwa mimi. Shemeji hakuitwa kueleza chochote.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa mtu mwema. Sijui mikono ile ilifanya nini siku nyingine za wiki, na wakati ule hatukuuliza. Kuna Jumamosi hakuja, na iliyofuata hakuja, na hakuja tena. Sikusikia habari zake mpaka leo. Biharusi alichukuliwa na familia moja ya wafugaji, akazeeka huko. Nilimtembelea mara mbili, alinijua kwa sauti.

Nilichojifunza ni hiki: kiumbe aliyeumizwa hahitaji mtu wa kumshinda. Anahitaji mtu atakayesimama pale anaposema basi, leo na kesho na kesho kutwa, hata kama juu ya kichwa chake kuna tarehe ya risasi. Nimelea watoto wanne kwa somo hilo.

Ila kinachonijia mara kwa mara ni lile swali. Mtu ambaye Kampala nzima ilimwomba ruhusa ya kupumua, amesimama juani bila silaha, ananiuliza mimi, muuza vitambaa, kama anaruhusiwa kugeuka.

Wenye farasi, punda, hata mbwa waliopigwa wakaharibika, niambieni nyinyi mlianzia wapi. Na mwenye kubisha abishe, nipo nasoma.