Amplifaya Iliyojua Jina Langu

Kunicheka mtanicheka, nimeshazoea. Pale barazani kwetu Malindi wapo wanaoniita Bwana Masikio mpaka leo kwa sababu ya kisa hiki. Lakini kimenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na wala sikuwa na homa. Nisikilizeni kwanza, kucheka kutafuata.

Kazi yangu ni kurekodi sauti: kasida, maulidi, harusi, mawaidha. Kuna mzee mmoja wa Kitaliano niliyekuwa nikimtengenezea redio zake, na siku anahama kurudi kwao aliniita akanikabidhi hedifoni zake. Kubwa, za mbao na ngozi, kitu ambacho mtu kama mimi hukiona kwenye picha tu. Nilirudi nazo nimezikumbatia kifuani, mpaka wa bodaboda akaniuliza kama nimebeba mtoto mchanga.

Nikafika dukani kwangu, nikazichomeka kwenye simu. Aibu gani ile. Sauti ilitoka nyembamba, imepooza, kama uji wa mgonjwa. Hedifoni za aina hii ni nzito kuzisukuma, simu haiziwezi. Zinataka amplifaya, tena si amplifaya yoyote. Ni kama posa: bwana mzuri, bibi mzuri, na wakikaa pamoja nyumba haikaliki.

Mtasema, mtu mzima ahangaike hivi kwa ajili ya hedifoni? Ngojeni niwaambie nilichokuwa nikikitafuta.

Mimi na mama yangu tuliachana vibaya. Nilimjibu maneno ambayo mtoto hamjibu mzazi, nikachukua begi langu nikaenda Mariakani kufunga redio kwenye malori. Nilikuwa huko alipougua. Dada yangu Amina akamrekodi kwa simu ndogo, akanitumia: sekunde arobaini, mvua inapiga mabati, na chini yake mama anasema neno. Neno gani? Hata Amina hakulisikia, kwa mvua ile. Kabla sijafika nyumbani kwa mama, Mambrui, alishazikwa. Je, alinipa radhi zake au alikwenda na kinyongo? Miaka miwili nimelala na swali hilo. Ukikosa radhi ya mama, kuna jambo gani litakalokunyookea? Ndiyo maana zile hedifoni, wallahi, niliziona kama ufunguo.

Basi nikaanza kutafuta. Kwanza kijidude kidogo cha kuchomeka kwenye simu: sauti ikapanda, lakini mvua nayo ikapanda. Kisha nikaazima amplifaya ya zamani, ile ya taa za kioo zinazowaka ndani. Hiyo ilikuwa tamu jamani, kila sauti imepakwa samli, mvua yenyewe utadhani inaimba. Neno la mama likazama kwenye samli. Ya tatu aliniletea rafiki yangu Kazungu, fundi wa Kilifi. Kisanduku cheusi, kidogo, hakina hata urembo. Nikakisikiliza dakika mbili nikamwambia hakina ladha.

"Masikio yako yamezoea sukari, rafiki yangu," Kazungu akasema. "Amplifaya ya kweli haiongezi wala haipunguzi. Kaa nacho, uzoee." Akakiacha mezani, akaenda zake. Mimi nikakisukuma pembeni.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, mtaa mzima umefunga. Mnajua Malindi saa saba inavyokuwa, jua la utosi, hata paka hapiti. Wazee wetu wanasema hiyo ni saa ya wenyewe, majini, ukiitwa usiitike ovyo, na mimi nilikuwa nikiwacheka. Nilikuwa nimewasha kinasa sauti changu, najaribu maikrofoni mpya, nimeinama mezani. Nikahisi kivuli mlangoni. Bila kuinua kichwa nikasema, "Karibu. Karibu ndani."

Hapo ndipo nilipokosea. Hakuna aliyepiga hodi. Mama alitufunza tangu wadogo kwamba mtu akinyamaza mlangoni, umwache anyamaze, karibu hutangulia hodi kwa mjinga tu. Lakini biashara hutuzoesha vibaya, kivuli kikipita tu ulimi ushakaribisha.

Akaingia mzee wa makamo, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni, na jua lote lile hana hata tone la jasho. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba, alitabasamu tu. Mkononi ana sanduku la mbao lenye kitufe kimoja.

"Nimesikia unatafuta kitu cha kwenda na hedifoni zako," akasema.

Nikafurahi, kweli nilifurahi, hata sikujiuliza amesikia kwa nani. Nikachomeka simu upande mmoja na hedifoni upande wa pili. Taa nyekundu ikawaka. Waya wa umeme sikuuona, na nawaambia kweli, wakati ule halikunipitia akilini.

Nikaweka kasida moja niliyoirekodi mwenyewe Mambrui. Subhanallah. Nilisikia matari yamepangwa mbele yangu kushoto hadi kulia, nikasikia kidole kinavyoteleza kwenye ngozi kabla ya kupiga, nikasikia mtu wa nyuma anavyovuta pumzi kabla ya kuitikia. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilisema hii ndiyo, posa imekubali.

"Sasa weka ile uliyoitaka," mzee akasema.

Ile gani? Mimi sikuwa nimemwambia. Lakini kidole kilishafika kwenye rekodi ya mama.

Niamini, ndugu yangu unayenisikiliza: mvua ilipasuka katikati kama pazia, na mama akatoka. Karibu, pale pale nyuma ya sikio langu la kushoto, sauti yake ya asubuhi, yenye nguvu. Akasema, "Mwanangu, nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Unanisikia?" Machozi yalinibubujika. Miaka miwili, na sasa nimepewa mkononi. Nikainama juu ya meza nikalia kwa furaha kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Anakuita," mzee akasema. "Mwitike mama yako."

Na kweli ndani ya hedifoni mama alikuwa akiniita, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa jina langu kamili, taratibu, kwa mapenzi. Mtoto wa pwani akiitwa na mama yake huitika labeka. Hatufikirii, hutoka yenyewe. Nilifungua mdomo, ulimi ukashika "la", ukakwama hapo hapo.

Kwa jina langu?

Mimi nimepewa jina la babu mzaa baba. Na kwetu mke hamtaji mkwewe jina, ni kukosa adabu. Kwa hiyo mama, tangu siku niliyozaliwa, aliniita Babu. Babu njoo, Babu kaoge, Babu utachapwa. Hata siku ile ya ugomvi wetu, amekasirika mpaka anatetemeka, hakulitaja. Mwanamke yule angekunywa maji ya bahari kabla ya kulitamka jina la mkwewe.

Nikafunga mdomo. Nikavua hedifoni nikazishika mkononi, na sauti ile bado inaniita ndani yake.

"Mama yangu halijui jina hilo kwa mdomo," nikamwambia. "Huyu ni nani?"

Mzee aliniangalia kama mwenye duka aliyekamatwa na mizani mbovu. Hakukasirika. Alilichukua sanduku lake, waya zikachomoka bila kuguswa, akatoka. Pazia la shanga la mlangoni kwangu hupiga kelele hata akipita kuku. Halikulia.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Kisha nikakumbuka kinasa sauti, kumbe muda wote kilikuwa kinarekodi. Nikasikiliza. Ni mimi peke yangu. Mimi nikisema karibu ndani, mimi nikitoa shikamoo, mimi nikicheka, mimi nikilia. Yeye hana hata mchakacho wa kiatu.

Nikampigia Kazungu simu, akaja mbio kutoka Kilifi. Nikamweleza, hakucheka. Alisema kitu kimoja tu: "Kile kisanduku changu ulikisikiliza?" Akakichomeka kwenye umeme mwenyewe, akanivika hedifoni.

Mvua, mvua ile ile. Kavu, haina samli. Nikarudia mara ya kumi, ya ishirini, mpaka masikio yakaacha kudai sukari. Na polepole nikaanza kutofautisha bati na kijiko kikigonga kikombe, kijiko na Amina akisema, "Sema, mama, inarekodi." Kisha mama, mnyonge, pumzi haimtoshi, akiuliza:

"Babu keshakula?"

Basi. Hakuna akhera, hakuna hotuba. Nilimpelekea Amina akasikiliza, akalia, akaniambia, "Mama aliyekasirika haulizi kama umekula."

Toka siku ile upande wa kushoto wa hedifoni umekufa, na fundi hajapatikana wa kuuzindua. Na sikio langu la kushoto, ikigonga saa saba mchana, husikia mtu akiniita kwa jina langu kamili, kwa sauti ya mama. Kila siku. Hata jana.

Kwa hiyo wewe unayetafuta amplifaya, chukua ile isiyoongeza kitu, hata kama mwanzo itakuchosha. Ikikupa kile hasa moyo wako ulichokuwa ukikililia, zima. Mlangoni kwako ngoja hodi kabla ya kukaribisha. Na ukiitwa, kwanza msikilize anayekuita, amekuitaje. Mimi hiyo ya saa saba siiitikii. Nasubiri jua lipoe, nawasha kisanduku cha Kazungu, navaa upande mmoja uliobaki, na mama akishauliza ndipo nasema labeka, mama, nimekula.