Niliandika watoto wawili, kumbe ni saba

Wakuu, salaam. Hili limenipata mimi mwenyewe na sitatia chumvi.

Natoka Mambrui, nimesoma hisabati chuo kikuu. Ajira hakuna, mnajua wenyewe. Wakati wa ukame nikapata kibarua kwenye mradi mmoja wa chakula cha msaada.

Tulipewa simu zenye app. Unauliza maswali, unajaza, fomula inatoa alama, na alama ndizo zinaamua nani apate mahindi na maharagwe. Hakuna mkubwa wa kupendelea jamaa zake. Niliipenda mno, hata vijiweni nikiitetea.

Huko kijijini Ganda nikafika kwa Bibi Kadzo (si jina lake), analea wajukuu peke yake. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda.

"Bibi, hapa kuna watoto wangapi?"

Akacheka. "Mwanangu, watoto hawahesabiwi. Ni hawa hawa, Mulungu ndiye awajuaye."

Wa pwani mtaelewa. Kumhesabu mtoto ni kumtafutia mabaya, hata bibi yangu alikuwa hivyo. Ningemwomba majina tu, angenitajia wote. Lakini jua lilikuwa kali na nyumba zimebaki nyingi. Nikachungulia uani, nikaona wawili, nikaandika wawili. Wengine walikuwa shule.

Watoto wawili, paa la mabati. Fomula ikaona hapa pana nafuu.

Orodha ilipotoka hakuwemo. Alipouliza, akaambiwa kompyuta ndiyo imeamua. Akarudi nyumbani.

Mimi nilisikia baada ya miezi miwili, nikaenda mbio. Wajukuu wakubwa wameacha shule, wanachoma makaa. Kitinda mimba amevimba miguu, nywele zimepauka. Niliona aibu sijawahi kuona.

Nikamwambia nataka kurekebisha. Akawaita wote mlangoni, akawanyooshea kidole, akawahesabu. Mmoja. Wawili. Mpaka saba.

Nikapiga simu ofisini pale pale. Usajili umefungwa, tusubiri awamu nyingine.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Watashughulikia, bibi." Nilidanganya, wakuu.

Nilichojifunza: fomula haikukosea hata kidogo, ilijumlisha uvivu wangu vizuri kabisa. Na mtu akishaambiwa ni hesabu, habishi tena. Mnaotengeneza hizi app, mkae na hilo.

Wiki iliyopita yule mdogo amelazwa. Daktari kasema ni njaa. Bibi anasema kosa ni lake yeye, kwa sababu alimhesabu.

Nyinyi mngemwambia nini?