Mlango Mweusi wa Bi Yao

Ukimtafuta Zhuang Xirong pale mjini Xikou, usihangaike na jina lake. Uliza Fundi Mwekundu, utaonyeshwa karakana kabla hujamaliza swali. Wageni hudhani ni kwa sababu ya uso wake, ambao hushika rangi akigusa kikombe cha pili cha pombe ya mchele. Sivyo. Ni kwa sababu ya milango.

Huko Xikou, mlango haupimwi ili kujua kama mtu atapita tu. Hupimwa kwa rula ya mafundi yenye maneno manane, manne mekundu na manne meusi, yanayojirudia mwanzo hadi mwisho. Upana ukiangukia kwenye mekundu, yaani mali, haki, cheo au shina la ukoo, wenye nyumba hulala usingizi mnono. Ukiangukia kwenye meusi, yaani maradhi, utengano, uporaji au madhara, hata kama mlango ni wa mkafuri unaonukia hadi jikoni kwa jirani, mama mkwe atapata la kusema kila mtoto akipiga chafya. Xirong alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kuchonga milango, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema kwamba amekosea neno.

Tarehe ishirini na sita ya mwezi wa mwisho kwa kalenda ya Kichina, zikiwa zimebaki siku nne mwaka mpya uingie, Cai Jiebin mwuza vigae alifika karakanani na pikipiki, hata injini hakuizima.

"Kaka Rong, panda. Njoo uzungumze na mama. Sisi ametushinda."

"Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Habari ya mama yake ilijulikana mtaa mzima. Bi Yao, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alivunjika nyonga mwezi wa nane akimfukuza bata aliyekataa kuingia bandani. Alirudishwa kutoka hospitali kwa machela akiwa amelewa dawa, akalazwa chumbani kwake, na tangu siku hiyo hajatoka. Watoto walimnunulia kiti kizuri cha magurudumu. Kiti hakikupita mlangoni. Kilikaa sebuleni kama mgeni asiyekaribishwa, na sasa wajukuu walikuwa wamekirundikia machungwa ya sikukuu.

Xirong aliingia chumbani kiubavu, akainamisha kichwa.

"Mama Mkubwa, umekula?"

"Nimekula, nimelala, nimekula tena," alisema Bi Yao, amejiegemeza kwenye mito mitatu. "Nguruwe wa sikukuu haoni raha kama mimi. Umeletwa na huyu kuja kunibomolea?"

"Mama, tunapanua kidogo tu," Jiebin alisema.

"Panua mdomo wako, ule. Mlango wangu uache."

"Basi tukubebe. Hatua kumi tu hadi mezani."

"Sibebwi! Mtu mzima anayebebwa kupita mlango wake ametangulizwa miguu kama maiti. Kama ndivyo mnavyonitaka, subirini. Zamu yangu itafika, wala sitawabishia."

Jiebin alimtazama Xirong kwa jicho la kuomba msaada, kisha akajaribu tena, kwa sauti ya chini. "Na mkesha wa mwaka, mama? Nani atamwashia baba udi? Miaka yote umemwashia wewe."

Bi Yao aligeukia ukuta. Kibao chenye jina la marehemu Mzee Cai kilikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta uleule, lakini kutoka kitandani hakionekani.

"Baba yako ataelewa," alisema hatimaye. "Mlango huu aliuagiza yeye. Mwaka ule tulikuwa na bata sita na paa linalovuja. Tazama leo. Nyumba imepanda ghorofa mbili juu, watoto watatu wamemaliza chuo, na hata wewe kichwa maji umepata mke, tena mzuri. Nini kimeyaleta yote haya? Mlango mwekundu. Na nani aliuchonga?"

"Mimi, Mama Mkubwa," alisema Xirong, kifua kikimvimba bila kutaka. Ulikuwa mlango wake wa kwanza baada ya kumaliza uanafunzi.

"Neno gani?"

"Haki."

"Mwonyeshe huyu. Mpimie mbele ya macho yake, aache kunisumbua."

Xirong alitoa tepu ya chuma mfukoni. Siku hizi maneno yote manane huchapwa kwenye tepu, chini ya sentimita, na hata mtoto anaweza kusoma. Aliivuta kutoka upande hadi upande, akasogeza uso karibu.

Sentimita hamsini na sita. Chini yake neno lilikuwa jeusi. Utengano.

Alipima juu. Alipima chini. Aliifuta tepu kwa shati, akapima katikati kwa mara ya pili.

"Vipi, Rong? Nyekundu imepauka?"

"Hapana, Mama Mkubwa," alisikia mdomo wake ukijibu. "Inang'aa." Akakunja tepu haraka. "Nimesahau penseli. Nakuja."

Akatoka kiubavu, penseli ikiwa imechomekwa sikioni.

Nyumbani mkewe Suqin alikuwa akigonga maandazi mekundu ya mchele kutoka kwenye vibao vya kuyapa umbo. Xirong alimpita bila neno, akaingia karakanani, akashusha kutoka ukutani rula ya mbao aliyoichonga mwenyewe ujanani. Aliilaza juu ya tepu. Rula ilipungua kwa nusu neno.

Alikaa juu ya gogo, mambo yakamjia yote. Rula ile aliinakili kutoka kwa mwalimu wake, Fundi Lian, Mungu amrehemu. Rula ya Lian ilikuwa imelika ncha kwa miaka arobaini ya kugonga kuta, na kila alipopima, mzee alitanguliza kidole gumba mwanzoni. Xirong alidhani ni mazoea ya uzee, kumbe kidole kilijaza sehemu iliyolika. Alinakili kila mstari na kila herufi kwa unyenyekevu mkubwa, isipokuwa kidole gumba. Na mlango unataka rula irudiwe mara mbili, basi nusu mbili zikazaa neno zima. Kutoka haki akarudi nyuma hadi utengano. Aliitumia rula ile mwaka mmoja kabla hajanunua tepu, na mwaka ule alichonga milango kumi na miwili.

Suqin alikuja na unga mikononi, kibao kimoja bado amekishika. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwani wao wanajua?"

"Hawajui."

"Basi?"

"Bi Yao amejifungia chumbani kuulinda mlango wangu kama yai. Na yai lenyewe viza."

"Ukisema, wewe ndiye utakayeonekana viza. Huu mji unaujua. Fundi Mwekundu atakuwa Fundi Mweusi kabla wali haujaiva."

"Najua."

"Miaka thelathini na mmoja, Rong! Binti zetu wawili tumewaoza kwa jina hilo."

Suqin akagonga kibao mezani, andazi likaruka.

"Lakini ukinyamaza, usikae mezani kwangu mkesha wa mwaka na uso huo. Utamharibu samaki."

Kuna watu hupenda kusema uongo mdogo hauui. Waende wakamuulize mwanamke anayekula peke yake nyuma ya ukuta, huku akisikia vijiti vya wajukuu vikigongana kwenye bakuli na kicheko ambacho hajui kimetokana na nini. Jina jema linalolishwa kwa kifungo cha mtu mwingine si jina, ni kufuli. Na fundi, zaidi ya watu wote, hana pa kujificha, maana kazi yake imesimama mbele ya watu mchana na usiku, ikisubiri mtu mwenye tepu. Usiku ule Xirong aliigeuza hesabu ile kila upande, na kila upande ilimpa jibu lilelile. Alfajiri alivaa shati safi, kama mtu anayekwenda mahakamani.

Bi Yao alikuwa akinywa uji wakati Xirong alipoingia. Jiebin na mkewe walisimama mlangoni.

"Penseli imepatikana?" Bi Yao aliuliza.

"Mama Mkubwa, jana nilikudanganya. Mlango si mwekundu. Mweusi. Nilikosea mimi, tangu siku ya kwanza."

Kijiko kilisimama hewani.

"Neno gani?"

"Utengano."

Akaeleza yote, rula ya Lian, ncha iliyolika, kidole gumba. Alikuwa amekuja na rula na tepu, akavilaza pamoja juu ya blanketi ili aone kwa macho yake. Bi Yao alivaa miwani. Alifuatisha mistari kwa ukucha, polepole, akarudia. Mke wa Jiebin alianza kusema jambo, mumewe akamkanyaga mguu.

"Utengano," Bi Yao alisema. "Mimi na marehemu?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Nisamehe."

"Tulilala nyuma ya mlango huu miaka ishirini na tisa. Alikoroma kama trekta. Nilimwomba mara ngapi akalale kwa kaka yake, walau usiku mmoja nipumzike! Hakutoka. Utengano gani huo, Rong? Hata hilo hukuniletea?"

Jiebin alicheka puani, akajifanya anakohoa.

"Unacheka nini wewe? Ulikulia nyuma ya mlango wa utengano, ndiyo maana akili na kichwa chako haviishi pamoja." Akamgeukia Xirong, na sasa sauti ilikuwa kali. "Miaka thelathini na mmoja nimeushukuru mlango huu. Kila mwaka mpya naufuta kwa maji ya majani ya mbalungi. Nimewakataza watoto kuubamiza. Wewe unajua nimeufuta mara ngapi?"

"Nitabeba lawama, Mama Mkubwa. Mwambie kila mtu."

"Nitamwambia, usiwe na wasiwasi." Alikoroga uji bila kula. Halafu, polepole, uso wake ulianza kubadilika, kama wa mtu anayepiga hesabu na kuona inampendelea. "Ngoja. Mlango ulikuwa mweusi, sivyo?"

"Mweusi kabisa."

"Ukituvuta nyuma mwaka baada ya mwaka."

"Ndivyo rula inavyosema."

"Na bado tumejenga. Na bado watoto watatu wamesoma. Basi yote yale yalitoka wapi?" Alijigonga kifua kwa kijiko. "Bata wangu! Mgongo wangu! Mimi na yule mkoromaji tumelivuta jumba hili juu huku mlango ukitushika sketi!" Alicheka hadi uji ukamwagika. "Jiebin! Kama mweusi umetuachia haya, mwekundu utatufanyia nini? Bomoa!"

"Sasa hivi, mama?"

"Ulitaka mwakani?"

"Lakini kalenda... si lazima tuangalie siku ya kubomoa?"

"Leo tarehe ngapi? Ishirini na saba. Mungu wa jikoni na wenzake wote wamekwenda mbinguni tangu ishirini na nne kupeleka ripoti. Nyumba haina msimamizi hadi warudi. Gonga!"

Waligonga. Kwa siku mbili Xirong hakurudi nyumbani ila kulala. Jiebin alitoa matofali kwa tindo na nyundo, mkewe akayatoa nje kwa ndoo, na Bi Yao, aliyehamishiwa kona ya mbali na kufunikwa shuka kama kabati, aliwapigia kelele kutoka chini ya shuka. Siku ya tatu fremu mpya ya mkafuri ilisimama. Bi Yao aliitaka tepu mkononi mwake mwenyewe.

"Themanini na moja," alisoma. "Shina la ukoo. Neno hili linaanzia hapa?"

"Limeshaanza, Mama Mkubwa, hapo nyuma kidogo. Lakini ukitaka lililo katikati kabisa, nipe sentimita mbili zaidi."

"Ongeza. Kwenye bahati sisimami ukingoni."

Akaongeza. Alichonga upya kwa patasi na randa hadi jua likazama, na hakunung'unika, maana mwenye deni la neno zima haoni uzito wa sentimita mbili.

Mkesha wa mwaka, saa tisa alasiri, machungwa yaliondolewa kwenye kiti. Bi Yao alivaa koti lake jekundu la pamba, akachana nywele, akakataa kusukumwa. Aliyashika magurudumu mwenyewe. Aliuendea mlango, akapita katikati, nafasi ikabaki kila upande, na wajukuu waliokuwa wamepewa amri ya kutopiga kelele wakapiga kelele.

Mbele ya kibao cha mumewe aliwasha udi vijiti vitatu.

"Mzee," alisema, "nimechelewa. Tulikuwa na mlango mbaya. Fundi wetu amekuja kusema mwenyewe, hakuna aliyemkamata. Kwa hiyo usimkasirikie." Akachomeka udi kwenye jivu, akabaki hapo kwa muda, mdomo ukitembea bila sauti. Kisha akageuza kiti. "Bata yuko wapi? Au mlidhani nimekuja kutazama meza tupu?"

Walimshikilia Xirong ale, akakataa, kwa kuwa mkewe alikuwa na samaki. Alikusanya vyombo vyake, akatoka.

Nje, kwenye uchochoro, She Weitao mwuza mboga alikuwa akibandika karatasi nyekundu za baraka kwenye miimo ya mlango wake. Alimwona Xirong akateremka kwenye stuli.

"Fundi Mwekundu! Au sasa tukuiteje? Bi Yao ameshapiga simu nyumba saba."

"Niiteni mnavyotaka," alisema Xirong. Masikio yalimwaka, lakini hakupitiliza. "Mlango wako nao ni wa mwaka ule, Weitao. Nilikuwa naja kwako baada ya sikukuu. Kama una nafasi, tupime sasa."

"Na ukiwa mwekundu?"

"Nitakunywa chai yako."

"Na ukiwa mweusi?"

"Nitakuchongea mwingine, kwa mkono wangu, bila malipo."

Weitao alichungulia ndani, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Basi pima vizuri, kaka, na usiwe na haraka. Mke wangu ananililia mlango mpya tangu mwaka juzi."

Xirong akacheka, akavuta tepu.